Bendera ya Kusini ni urithi wa nani?

Nikifundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mjadala wa bendera huzuka kabla somo halijaisha. Ni ile nyekundu yenye msalaba wa mshazari wa buluu na nyota 13 nyeupe. Wanaoitetea husema ni urithi, kumbukumbu ya babu zao waliokufa vitani. Kumlilia babu ni haki ya mtu, siwabezi. Ila mimi kwanza huuliza: nani aliipandisha, na mwaka gani?

Ilianza kama bendera ya jeshi. Bendera rasmi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ilifanana mno na ya Marekani, na kwenye mapigano ya Manassas, Julai 1861, askari walishindwa kutambua wenzao. Ikabuniwa hii. Walichopigania hawakukificha: Machi mwaka huohuo, mjini Savannah, makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alitangaza kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni kuwa Mweusi si sawa na Mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili.

Vita viliisha 1865. Mwaka 1948 ikapeperushwa na wafuasi wa Strom Thurmond, gavana wa South Carolina aliyegombea urais, waliojitenga na chama cha Democratic kwa kupinga haki za Weusi. Mwaka 1956 Georgia ikaitia kwenye bendera ya jimbo, miaka miwili tu baada ya Mahakama ya Juu kuharamisha ubaguzi shuleni. South Carolina iliipandisha juu ya bunge lake 1961, eti kuadhimisha miaka 100 ya vita. Maadhimisho yakapita, bendera ikabaki. Iliondolewa kabisa viwanjani hapo Julai 2015, baada ya kijana Mzungu aliyejipiga picha nayo kuua waumini tisa Weusi kanisani Charleston.

Neno "urithi" ndilo linaloniuma zaidi. Mississippi, iliyoiweka kwenye bendera yake kuanzia 1894 hadi 2020, mwaka 1860 ilikuwa na watu kama 791,000, na kati yao kama 437,000 walikuwa watumwa. Wengi wa watu wa jimbo! Wanaume Weusi zaidi ya 17,000 wa Mississippi walijiunga na jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, kuwapiga waliowamiliki. Nao ni mababu wa Kusini. Nao wana wajukuu, na wajukuu hao walilipa kodi iliyonunua bendera ile.