Kusamehewa ada si kusamehewa kosa

Hapa Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igoma, wapo wanaoamini kwamba anayeomba msamaha wa Rais, akishaondolewa ada ya ukaguzi wa alama za vidole, kosa lake limefutwa. Neno "msamaha" linabeba mambo mawili, kwa hiyo mkanganyiko unaeleweka.

Ada ni gharama ya kupekua kumbukumbu tu. Hata ikiondolewa, upekuzi unafanyika vilevile na hukumu ya zamani inaonekana. Kosa lenyewe linashughulikiwa na Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania, yenye sura kadhaa: kumsamehe mtu, kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe tahafifu, yaani nyepesi zaidi, kuifuta yote au sehemu yake. Soma barua yako ya msamaha neno kwa neno. Ikitaja adhabu kupunguzwa tu, hukumu iko palepale.

Huku ziwani kinachokwamisha wengi ni vidole. Kamba za nyavu husaga mistari, alama zinatoka na ukungu, unarudishwa. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa. Wino uwe mwembamba, kidole kiviringishwe mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Vyote kumi.

Anayetaka hela "ya kufuta jina", mdai kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na risiti kwanza. Mara nyingi hapo simu yake huisha chaji.