Gitaa la Nailoni Halifungwi Nyuzi za Chuma

Juma hili nimeletewa tena gitaa la nailoni, yaani lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, likiwa limefungwa nyuzi za chuma, ubao wake wa juu umefanya kitambi nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi, na mwenyewe, ambaye hulipiga kwaya ya kanisani kwao huko Igoma, amenieleza kwa upole kwamba tatizo ni unyevu wa ziwa. Ziwa Victoria limesingiziwa mengi, lakini kosa hili si lake. Nilipomwuliza kwa nini alibadilisha aina ya nyuzi, alinijibu jibu ninalolisikia kila mwezi: "Fundi, nyuzi si nyuzi tu? Za chuma zina sauti kubwa."

Sauti kubwa ni kweli zinayo, na mtu hupewa sababu ya sauti hiyo bila kuambiwa gharama yake. Seti ya kawaida ya chuma, ile inayoanza na namba 12 (namba ya unene wa uzi wa kwanza), ikikazwa hadi kwenye sauti yake sahihi huvuta daraja kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, ilhali seti ya nailoni ya mkazo wa kawaida huvuta kwa kilo zisizofika 40 au zinazozidi hapo kidogo. Gitaa la nailoni hufuata mtindo uliosimikwa na fundi Mhispania Antonio de Torres katika karne ya 19: ubao mwembamba, na ndani yake mbavu nyembamba zilizopangwa kama upepeo ili ubao upumue kwa mguso mdogo wa kidole. Gitaa la chuma huwa na mbavu nene zilizopishana kama herufi X, na ndani ya shingo yake mna fito ya chuma ya kuizuia isipinde. Magitaa mengi ya nailoni hayana fito hiyo kabisa, hivyo shingo inapoanza kwenda hakuna pa kuirudishia.

Sasa nifike kwenye hoja inayonichosha kuliko zote, ile ya kusema, "Basi nitalituni chini kidogo." Kidogo kiasi gani? Ukishusha nyuzi zote nusu-toni moja, yaani hatua ya freti moja (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo), mkazo hupungua kwa takriban asilimia 11, kwa hiyo kilo 74 zinakuwa kama 66, na bado daraja linavutwa kwa nguvu ambayo halikuumbiwa. Ili kuufikia mkazo wa nailoni kwa seti hiyo hiyo utalazimika kushuka zaidi ya nusu-toni tano, na huko chini uzi wa sita unalegea mpaka unagonga freti, sauti inakuwa ya kukwaruza, na ile sauti kubwa uliyoifuata imekwisha kupotea. Hata seti nyepesi ya namba 10 huishinda nailoni kwa mbali. Hesabu hii haibadilishwi na jina la kampuni lililoandikwa kwenye pakiti, kwa maana mkazo hutokana na urefu wa uzi, uzito wake na sauti unayoitaka.

Kwa wenye magitaa halisi ya chuma, namba hizo ni sehemu za elfu za inchi, yaani 10 ni uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.010. Mtu huona kwamba kutoka 10 kwenda 12 ni hatua ndogo, lakini uzito wa uzi hufuata mraba wa unene, kwa hiyo mkazo wa uzi huo wa kwanza hupanda kwa asilimia 44 papo hapo. Anayejifunza aanze na 10 au 11. Anayecharaza kwa nguvu mbele ya kwaya bila kipaza sauti achukue 12. Namba 13 namwachia mwenye gitaa kubwa, imara, na vidole vilivyokwisha kukomaa.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu huupita haraka. Madukani mwetu yamejaa magitaa chotara, yenye umbo la nailoni na kichwa chenye matundu mawili marefu, ambayo yametoka kiwandani yakiwa na nyuzi za chuma. Kwa hiyo kichwa si ushahidi wa kutosha. Chungulia kwenye tundu la sauti na kwenye kichwa uone kama kuna mdomo wa ile fito ya shingo, pale inapokazwa kwa ufunguo, na kama hakuna, usizidi 10. Aidha, siwezi kuapa kwamba kila daraja lililong'oka liling'olewa na nyuzi peke yake, kwa maana gundi hulegea kwa joto, na gitaa lililosahauliwa kwenye gari lililoegeshwa juani linaweza kufunguka hata likiwa na nyuzi zilizo sahihi.

Kinyume na watu wanavyonitarajia, anayefunga mshipi wa kuvulia samaki simgombezi. Nyuzi za nailoni zenyewe zilianza kuuzwa katika miaka ya 1940 na Albert Augustine wa New York, wakati vita vilipofanya nyuzi za utumbo wa wanyama kuwa adimu, na Andrés Segovia, mpiga gitaa maarufu wa Hispania, akazikubali. Mshipi mmoja usiosokotwa, wenye unene wa takriban milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza, 0.8 kwa wa pili na 1.0 kwa wa tatu, hufanya kazi ya kuridhisha mpaka utakapopata hela ya seti. Nyuzi tatu za besi hazina mbadala huo, kwa kuwa zinahitaji kuzungushiwa waya ili ziwe nzito bila kuwa ngumu.

Kuhusu waya unaozungushiwa nyuzi nene za gitaa la chuma, yaani bronzi ya 80/20 (shaba asilimia 80 na zinki 20) na fosfa-bronzi, ya kwanza hung'aa zaidi ikiwa mpya na ya pili hufifia polepole zaidi. Baada ya majuma machache ya mikono yenye jasho, sikio langu halizitofautishi kwa uhakika. Mimi hununua fosfa, na hufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo kupiga.

Ukiwa na gitaa la nailoni lenye nyuzi za chuma, zilegeze usiku huu huu, zote sita kwa zamu, kidogo kidogo. Kisha chukua karatasi ya kawaida na ujaribu kuipitisha chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia, na tafadhali usimimine supa glu humo, kwa sababu itanibidi kuikwangua yote, pamoja na nyuzi za mbao zilizoshikana nayo, kabla sijaanza kazi niliyolipwa kuifanya.