Kazi ya Mungu haina makosa. Na breki je?

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea na udongo wa Old Moshi unateleza kama sabuni, nilizika kijana wa bodaboda. Gari la abiria lilimfuata kwa nyuma kwenye mteremko, likashindwa kusimama. Konda mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba breki zilikuwa zinasumbua kwa zaidi ya wiki, kwamba tajiri aliambiwa, na kwamba jibu la tajiri lilikuwa: leteni hesabu kwanza, gereji baadaye.

Kaburi lilichimbwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini ya migomba. Akasimama msemaji wa ukoo, akafuata mwenyekiti wa kitongoji, kisha kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Wote walimaliza kwa maneno yale yale mnayoyajua: kazi ya Mungu haina makosa. Mwisho akasimama mtu aliyetumwa na tajiri wa gari, akakabidhi bahasha ya rambirambi, naye akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia, "Amina." Na mimi niliitikia.

Baada ya chakula shangazi wa marehemu akanivuta pembeni. "Baba Mchungaji, naomba nikuulize, usinione nimekufuru. Kama Mungu ndiye aliyepanga, polisi wamemshikia nini yule dereva? Si alikuwa anafanya kazi ya Mungu?"

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anafuata hoja hadi mwisho wake, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumelikwepa asubuhi nzima. Mimi ninafundisha wainjilisti na wanafunzi wa uchungaji historia ya mafundisho ya kanisa, na mada hii peke yake hutuchukua wiki kadhaa. Lakini pale nikiwa na kanzu yangu na viatu vya matope nilimjibu, "Mama, hilo ni fumbo." Jibu la uvivu. Leo najaribu tena.

Nianze na lugha, maana Kiswahili kinatuamulia nusu ya jambo kabla hatujafungua Biblia. Neno "ajali" limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ukomo wa uhai wa mtu. Kwa masikio ya zamani, aliyepata ajali ni mtu ambaye muda wake umefika. Juu yake tukaweka methali: ajali haina kinga. Ikaja na nyingine: siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Kwa hiyo askari wa usalama barabarani anayesimamisha gari bovu anapambana na dereva pamoja na methali mbili.

Biblia nayo haimrahisishii mtu. Farao anafanywa mgumu moyo na Mungu, na kurasa hizo hizo zinasema aliufanya mgumu mwenyewe. Musa anawaambia Waisraeli wachague uzima. Paulo anawaambia Warumi habari za mfinyanzi na udongo. Ukitaka kushinda mabishano ya kwenye daladala, chagua upande mmoja na mistari haitakuishia.

Kisa ninachopenda kuanza nacho darasani ni cha Matendo sura ya 27. Merikebu ina watu 276, dhoruba imewapiga siku nyingi, na Paulo anatangaza kwamba malaika amemhakikishia hakuna hata mmoja atakayepoteza maisha. Neno limetoka, Mungu ameshasema. Muda si mrefu mabaharia wanashusha mashua kwa siri, wakijifanya wanatupa nanga, ili watoroke. Angekuwepo mmoja wetu angesema waacheni waende, si Mungu ameshapanga? Paulo anamgeukia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanakata kamba, mashua inaanguka baharini. Ahadi ilikuwa ya hakika, na kamba ilibidi ikatwe. Luka anayeandika haoni mgongano wowote hapo, hata haweki neno la kuomba radhi. Aliyeahidi mwisho ameahidi pia kwamba utafikiwa kwa mikono ya askari wenye visu.

Kanisa halikuweza kuwa tulivu kama Luka. Mwanzoni mwa karne ya tano mtawa mmoja aliyetoka Uingereza ya kale, Pelagius, alikuwa Roma, akiudhishwa na Wakristo walegevu. Sala ya Augustino ilimchefua zaidi: toa unachoamuru, kisha amuru utakacho. Kwa Pelagius amri haina maana ikiwa aliyeamriwa hana uwezo. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo (Mwafrika mwenzetu, wanafunzi wangu hupenda nikumbushe), alijibu kwamba mwanadamu hakosi tu maarifa ya kutenda mema, anakosa hata kuyapenda, na upendo huo hupewa. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, yaani kikao cha maaskofu, ukamkataa Pelagius.

Tulipofika hapo darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Marangu aliniletea mfano ambao nimeutumia tangu hapo. Alisema neema ni kama mfongo. Msomaji usiyetoka Uchagani, mfongo ni mfereji ambao wazee wetu waliuchimba kukinga maji ya mito ya mlima na kuyatembeza kandokando ya miteremko hadi vihambani. "Maji ni ya Mungu," akasema, "lakini mfereji ni wa kwetu. Usipochimba, hayaji."

Darasa zima likashangilia. Nikamwambia mfano ni mzuri na ni kosa zuri, maana ndivyo walivyofikiri watawa wa kusini mwa Ufaransa wakiwa na John Cassian wa Marseille: mwanzo wa imani ni wetu, Mungu anaitikia. Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ulisema hapana, hata hamu ya kushika jembe ni neema. Kisha nikawafungulia Mithali 21:1: "Moyo wa mfalme ni kama mifereji ya maji katika mkono wa BWANA, huugeuza popote apendapo." Mfongo upo kwenye Biblia, ila mchimbaji ni mwingine. Mwanafunzi yule akakaa kimya, halafu akasema bado mtu anaweza kuuziba. Sijawahi kupata jibu fupi la hilo. Nitaje pia kwamba Orange hiyo hiyo ililaani kwa maneno makali wazo kwamba Mungu amewapangia watu kutenda uovu. Shangazi yule angependa kulisikia hilo kaburini.

Sasa Luther, maana wengi wetu huku mlimani ni Walutheri, na ndipo ninapodhani tumejichanganya. Mji wa Leipzig, ambao misheni yake ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, uliwahi kuwa na mjadala mkubwa mwaka 1519. Watu hukumbuka Luther na Eck, mtetezi wa papa, wakibishana juu ya mamlaka ya papa, lakini mada iliyofungua mjadala ni utashi huru, yaani uwezo wa mtu kuchagua, na aliyepambana na Eck siku hizo za kwanza ni Karlstadt, mwenzake Luther. Mwaka 1524 msomi Erasmus akaandika kumtetea mwanadamu: utashi una nguvu ndogo, lakini ipo. Mwaka 1525 Luther akamjibu kwa kitabu kizima: utashi umefungwa. Ni kama mnyama wa kupandwa. Akipandwa na Mungu huenda Mungu atakako, akipandwa na Shetani huenda Shetani atakako, wala hachagui mpandaji. Mwaka 1537 alisema kati ya vitabu vyake vyote labda hicho na Katekisimu ndivyo vinavyostahili kubaki. Na kama ulipata kipaimara, umekikariri bila kujua: kwenye ufafanuzi wa sehemu ya tatu ya imani unakiri kwamba huwezi kwa akili wala nguvu zako kumwamini Yesu Kristo wala kumjia. Hicho ndicho kitabu cha 1525 kwa sentensi moja.

Angalia alichofunga na alichoacha. Swali la Luther na Erasmus lilikuwa kama mtu anaweza kujigeuza amwelekee Mungu. Kuhusu mambo yaliyo chini yetu, yaani fedha, mashamba na mali, Luther mwenyewe anakubali mtu ana hiari. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 18, linasema wazi: utashi wa mwanadamu una kiasi cha uhuru katika haki ya kiraia na katika mambo yanayofikiwa na akili. Kisichowezekana bila Roho Mtakatifu ni haki ya mbele za Mungu. Pedi za breki ziko wapi katika mgawanyo huo? Ziko chini kabisa, pamoja na jembe na mkungu wa ndizi. Mlutheri anayesema breki zilikatika kwa sababu Mungu alipanga amechukua spana ya wokovu akaipeleka gereji.

Ila nisiwafiche kitu. Luther huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, anasema pia Mungu hajui jambo lolote kwa kubahatisha, na kwamba yote atendayo huyatenda kwa utashi usiobadilika. Ukurasa huo ukisomwa peke yake, hata breki zinaingia. Waliomrithi waliona hatari hiyo. Kanuni ya Konkodia, ungamo lao la mwaka 1577, ikatenganisha mambo mawili: Mungu kujua tangu zamani kunahusu mema na mabaya pia, lakini kuchagua kwake tangu asili kunahusu wokovu wa watoto wake tu, wala kujua huko si chanzo cha uovu. Chanzo ni ibilisi na utashi mpotovu wa watu. Wengine huona hapo Walutheri walipunguza makali ya mwalimu wao. Mimi naona walimwokoa.

Wakalvini, wafuasi wa Calvin, walitembea mbali zaidi, na husemwa vibaya kuliko wanavyostahili. Ungamo la Westminster la mwaka 1646 linasema Mungu ameamuru yote yatokeayo, na papo hapo linaongeza kwamba yeye si mwanzilishi wa dhambi, na kwamba uhuru wa visababishi vya pili, yaani viumbe na matendo yao, hauondolewi bali unathibitishwa. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, walikataa mapema, wakashindwa kwenye sinodi ya Dort mwaka 1618 na 1619, lakini mawazo yao yakapata pumzi mpya kwa Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyefundisha neema inayotangulia na kumrudishia kila mtu uwezo wa kuitikia. Ukienda kwenye ibada ya Kipentekoste pale mjini Moshi Jumapili na kusikia "mlango wa moyo wako una kitasa kwa ndani tu", umesikia wajukuu wa Wesley.

Wakatoliki walibishana wenyewe kwa wenyewe. Mjesuiti Molina mwaka 1588 alisema Mungu anajua kila mtu angefanya nini katika kila hali, na kwa ujuzi huo anaipanga dunia bila kumlazimisha mtu. Wadominiko wakiongozwa na Báñez wakaona huko ni kumfanya Mungu asubiri maamuzi yetu. Mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano aliwarudisha nyumbani bila kuamua, akakataza upande mmoja kuuita mwingine wazushi. Natamani katazo hilo lingefika kwenye magrupu ya WhatsApp ya usharika.

Kwangu mimi aliyesaidia zaidi ni Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa Wakatoliki, ingawa kwa Mlutheri kusema hivyo kuna gharama zake. Anasema tendo moja linatoka lote kwa Mungu na lote kwa kiumbe, kila mmoja kwa namna yake, si nusu kwa nusu. Sikukuu ya mavuno inanionyesha hilo. Mama analeta mkungu madhabahuni, tunaimba kwamba Mungu ametoa, na hakuna anayefikiri mama hakupalilia. Baada ya ibada mkungu unapigwa mnada na mnadi anasema, "Hizi ndizi za Mama fulani, mnazijua!" Sijasikia mtu akiuliza Mungu alichangia asilimia ngapi. Kosa la kaburini ni kufikiri kwamba tukimtaja Mungu, dereva, tajiri na breki wanaondoka kwenye orodha. Na kwa uovu tunaongeza jambo ambalo kwa ndizi halihitajiki: Mungu anaweza kuutumia uovu bila kuwa ndiye mwenye nia mbaya.

Yusufu aliwaambia ndugu zake, "Mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Makusudi mawili juu ya tendo moja, na la kwanza halifutwi. Lakini tazama nani anasema. Ni aliyeuzwa. Ndugu zake wangemwambia hivyo siku ya kumtoa shimoni wakimkabidhi kwa wafanyabiashara, yangekuwa maneno ya kinyama. Ndiyo maana bahasha ile ya rambirambi inanikera hadi leo. Maneno yalikuwa yale yale ya ukoo, ila mdomo haukuwa wa ukoo.

Wiki tatu baadaye familia ilipanga ibada ya shukrani. Shangazi alinipa karatasi ya somo: Ayubu 1:21, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nikamwomba aanzie mstari wa 13, na asome mwenyewe. Aliuliza kama si kirefu mno. Nikamwambia Ayubu hakufika mstari wa 21 kwa mkato.

Alisoma polepole. Waseba walioteka ng'ombe na kuua watumishi. Moto ulioanguka kutoka mbinguni. Wakaldayo na vikosi vyao vitatu. Upepo mkubwa kutoka jangwani. Wezi wametajwa kwa majina ya makabila yao, na Ayubu aliposema "Bwana ametwaa" hakuna aliyewafuta kwenye kitabu. Benchi la nyuma alikuwa amekaa yule konda, kofia mapajani. Kesi haijasikilizwa bado. Ameandikwa shahidi namba mbili.