Je, wajua kwa nini jerikeni za maji hukaa nyuma ya kiti, si mlangoni?

Magari ya safari yanayotoka Malindi alfajiri kuelekea lango la Sala, lile la kuingilia Tsavo Mashariki ukitokea pwani, hubeba vitu vinavyofanana: maji, mafuta ya akiba, mtungi wa gesi, hema, jeki, sepetu, sufuria, na friji kwa aliyejaliwa. Tofauti huonekana mlango wa nyuma ukifunguliwa. Mmoja amepakia kadiri vitu vilivyomfikia mkononi. Mwingine amesukuma jerikeni za maji hadi zikagusa mgongo wa kiti, ndipo akaanza kupanga vingine. Ukimtazama huyu wa pili utajiuliza: maji si ndiyo yanayotakiwa kila mara? Mbona ameyafukia mbali hivyo?

Jibu liko kwenye ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu mawili ya nyuma. Kitu kizito kikikaa kati ya ekseli hiyo na mlango, hakiishii kuyakandamiza magurudumu ya nyuma. Huuinua na upande wa mbele wa gari. Tupige hesabu. Land Cruiser 76 ina mita 2.73 kutoka ekseli hadi ekseli. Weka lita 60 za maji, yaani kilo 60 bila kuhesabu jerikeni zenyewe, sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitabeba kilo 60. Itabeba karibu 80, na zile 20 za ziada zimenyang'anywa magurudumu ya mbele. Sasa yasogeze maji hayohayo hadi sentimita 60 mbele ya ekseli: magurudumu ya mbele yanaongezewa kilo 13 hivi. Maji hayajapungua hata tone, ila gari limekuwa jingine.

Kilo 20 ni rahisi kuzidharau. Lakini mlangoni huwa hakukai maji peke yake. Kuna friji, sanduku la spana, gesi, na mara nyingi tairi la spea limeshaning'inizwa nje ya mlango. Vikijumlika vyote, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, taa humulika matawi badala ya barabara, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayogeuza gari na kufanya kazi kubwa ya breki, hugusa ardhi kwa ulegevu. Gari pia huanza kuitikia kila shimo kwa kuinama na kuinuka, kwa kuwa uzito uliosukumwa hadi pembeni ni mgumu kuuzuia ukishaanza kucheza. Dereva hulaumu springi na shokomzoba. Nimeona watu wakimlipa fundi awaongezee springi nene, na kuhamisha jerikeni ni bure.

Kimo nacho kina hukumu yake. Nahodha wa jahazi hutia farumi, mawe au mchanga, chini kabisa tumboni mwa chombo, kwa sababu uzito ukiwa chini chombo hakilali ovyo upepo ukishika tanga. Gari la juu lenye keria ya paani iliyojazwa halina tofauti na jahazi lililofunga farumi mlingotini: kwenye kona, au gurudumu moja likiingia kwenye korongo, uzito wa juu ndio unaolivuta lianguke. Kiwango cha mzigo wa juu anachotoa mtengenezaji kwa kawaida huhesabu na uzito wa keria yenyewe, na kwenye njia mbovu unatakiwa ubaki chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo keria ni ya magodoro, viti vya kukunja na hema. Petroli ndiyo inayotia watu mtihani, maana mvuke wake haufai kabisa kukaa ndani na abiria, kwa hiyo huishia juu. Lita 20 ni kama kilo 15. Mimi naona heri kujaza tangi Malindi na kuacha akiba usiyoihitaji kuliko kuipandisha juu kwa mazoea.

Kukaa karibu na kiti hakutoshi, lazima mzigo ufungwe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 14 ya uzito wake. Jerikeni ya kilo 20 humsukuma abiria kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 280. Ndiyo sababu inabanwa ikigusa kiti, bila pengo la kuipa mwendo, na mkanda hufungwa kwenye pete zilizotiwa bolti sakafuni, si kwenye kipini cha plastiki cha ukutani. Wavu wa chuma kati ya viti na mzigo si pambo.

Basi atakunywaje huyu aliyefukia maji? Huweka kidumu kidogo mlangoni na kukijaza tena jioni. Tena jerikeni ndogo kadhaa ni bora kuliko tangi moja kubwa: moja ikitoboka hukosi yote, na maji hayapati nafasi ya kusukasuka huku na huku yakiwa nusu. Mlangoni panabaki vitu vya haraka, na vingi ni vyepesi: birika, taa, sanduku la dawa. Sepetu na jeki ni lazima zifikiwe bila kushusha kitu, kwa maana ukizama kwenye mchanga hutaki kwanza kuanika vyombo vya jikoni kando ya njia.

Vumbi la Tsavo, lile linalowafanya ndovu wawe wekundu, nalo hupenda mlango wa nyuma. Gari likienda huacha nyuma yake eneo ambalo shinikizo la hewa liko chini, na vumbi huvutwa kujaza nafasi hiyo, kisha hupenya kila ufa wa raba. Kufungua madirisha ya nyuma huzidisha kulivuta. Yafunge, washa feni ikivuta hewa ya nje kutoka mbele, ili ndani kuwe na msukumo wa kulizuia. Unga na mchele hata hivyo viwe kwenye masanduku yenye vifuniko, na makopo ya soda yatenganishwe kwa leso kuukuu. Bati lake ni jembamba, na mtikisiko wa barabara ya vumbi huyasugua mpaka yakatoboka.

Ukielekea kaskazini badala ya Tsavo, kupitia Garsen na Witu kwenda Lamu, ongeza jambo moja. Gari litaishia Mokowe, nawe utavuka kwa boti. Begi la kisiwani lipakie mwisho, peke yake, juu ya vyote.