Akidi ya bakteria na seli zinazodukiza

Sahani ya maabara yenye bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa inapotolewa kwenye inkubeta asubuhi, pua hulitangulia jicho kuitambua, kwa kuwa ina harufu tamu inayonikumbusha zabibu za Dodoma zinazouzwa hapa Dar es Salaam. Baadaye ndipo jicho huona rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu ikiwa imesambaa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Sehemu ya rangi hiyo ni piosianini, kemikali ambayo bakteria hawa huitengeneza kwa wingi wanapokuwa wamekwisha kujazana.

Wanajuaje kwamba wamejazana? Kila mmoja huachia nje molekuli ndogo ziitwazo laktoni za homoserini, ambazo hutawanyika bila athari wakiwa wachache, lakini hurundikana wakiwa wengi mpaka kufikia kiwango kinachowasha jeni zao kwa pamoja. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliupa utaratibu huu jina lililotokana na taratibu za vikao, na Kiswahili kinalo neno lake tayari: akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohitajika ili kikao kiamue jambo. Akidi ikitimia, Pseudomonas huanza kumwaga sumu na vimeng'enya vinavyomega tishu, jambo ambalo anayehudumia vidonda vya moto anaweza kuliona kwa macho.

Kikao hicho, hata hivyo, hakifanyiki faraghani. Seli zetu hukidukiza.

Mfano unaonivutia zaidi uko puani. Seli zenye silia, vile vinyweleo vinavyosukuma kamasi, zina kipokezi (protini inayonasa ishara kutoka nje ya seli) cha T2R38, ambacho ni kilekile kinachotuwezesha kuonja baadhi ya ladha chungu kwenye ulimi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba laktoni za Pseudomonas hukiamsha: kalsiamu hupanda ndani ya seli, gesi ya oksidi ya nitriki hutengenezwa, silia hupiga kwa kasi zaidi, na gesi hiyo yenyewe huua bakteria. Haya yote hutokea ndani ya dakika chache. Wapo watu waliorithi umbo la jeni lisilounda kipokezi kinachofanya kazi, na hao huonekana kuwa katika hatari zaidi ya maambukizi ya aina hii kwenye sinasi, yaani matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso.

Neno "uvimbe" halinitoshi hapa, maana hospitalini hutaja pia saratani; nitasema inflamesheni, yaani wekundu, joto, kuvimba na maumivu yanayoletwa na kinga yenyewe. Laktoni yenye mnyororo mrefu wa kaboni 12 huichezea inflamesheni pande mbili. Kwenye seli za njia ya hewa huchochea kutolewa kwa IL-8, protini inayoziita nutrofili (seli nyeupe za damu zinazowahi kupambana na bakteria), ilhali katika makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zilizokwisha kuamshwa na kuta za bakteria kupitia kipokezi cha TLR4, laktoni hiyohiyo huzima sehemu ya njia ya NF-κB, ambayo ndiyo huwasha jeni za inflamesheni. Mwanafunzi akiniuliza ni ipi iliyo sahihi, humjibu kwa kumuuliza: seli gani, na kwa kiasi gani?

Kipokezi cha AhR, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa kunasa dioksini, kemikali za sumu zinazochafua mazingira, kinalifafanua jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba laktoni, ambazo hutangulia, hukizuia, na piosianini, inayokuja akidi ikishatimia, hukiwasha. Kwa maneno mengine, mwili hupima hatua waliyofikia bakteria kabla ya kuingia gharama ya inflamesheni kamili, ambayo huunguza tishu zetu wenyewe.

Ndiyo maana sishangilii haraka dawa zinazolenga kuyakata mazungumzo ya bakteria, ingawa wazo la kuwanyang'anya silaha bila kuwaua linapendeza, hasa kwa usugu wa dawa tunaouona kwenye sahani zetu. Kimeng'enya kitakachoivunja laktoni kidondani kitawanyima bakteria akidi, lakini kikipulizwa puani kitaiondolea T2R38 kile kile ilichokuwa ikikisikiliza.