Gitaa la bei nafuu: anza na kile ambacho fundi hawezi kukirekebisha

Wengi wanaoniomba niwakagulie gitaa kabla ya kulipa huuliza kwanza kuhusu sauti. Mimi huanza na shingo. Sauti iliyofifia kwa sababu ya nyuzi kuukuu hurudi ukifunga seti mpya, na nyuzi zilizokaa juu mno hushushwa kwa tupa na subira. Lakini shingo iliyogundishwa kwa pembe isiyo sahihi haina dawa ya bei nafuu. Lazima ing'olewe kwa mvuke, ichongwe upya na kugundishwa tena, na kwa gitaa la kawaida kazi hiyo itakugharimu kuliko ulivyolinunulia.

Hebu tulichukue gitaa moja ambalo wanaoanza hulipata kwa urahisi, Yamaha FG800. Lilitoka mwaka 2016, na wakati huo Marekani liliuzwa takriban dola 200. Sababu ya kulipenda ni kwamba pesa imetumika panapostahili: uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ni mbao nzima ya sprusi ya Sitka, si plaiwudi, na mihimili iliyo chini ya uso huo imechongwa ikapunguzwa ili mbao itetemeke kwa uhuru. Mgongo na mbavu ni plaiwudi. Hilo halinisumbui hata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti hutoka usoni, na mgongo wa plaiwudi haupasuki ovyo.

Usikubali neno la muuzaji kwamba uso ni mbao nzima. Angalia ukingo wa tundu la sauti, ikiwezekana kwa tochi ya simu. Kwenye mbao nzima, mistari ya nyuzinyuzi unayoiona juu hushuka moja kwa moja kwenye unene wa ukingo. Kwenye plaiwudi mistari hukatika, na utaona tabaka zilizolaliana. Wakati mwingine ukingo umepakwa rangi nyeusi usione chochote; hapo jiulize kwa nini.

Hata hivyo plaiwudi si dhambi. Magitaa ya kwanza ya Yamaha ya jamii hii ya FG, yaani FG180 na FG150 ya mwaka 1966, yalikuwa ya plaiwudi, na mwanamuziki Country Joe McDonald alipanda jukwaa la tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969 akiwa na FG150. Gitaa la plaiwudi lenye shingo sahihi ni bora mara nyingi kuliko la mbao nzima lililopinda.

Turudi kwenye shingo. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze katikati ya shingo juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, kisha isogeze hadi ifike kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi. Ncha yake inatakiwa iguse ukingo wa juu wa daraja au ipite juu yake kidogo tu. Ikigonga ubavu wa daraja, chini ya ule ukingo, pembe ya shingo imeshaharibika. Kisha tazama kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi pale darajani. Kikiwa kimesagwa mpaka karibu kulingana na mbao, na bado nyuzi ziko juu, kuna mtu alishajaribu kuficha ugonjwa huo huo. Rudisha gitaa kwa mwenyewe.

Kupinda kidogo ni jambo jingine, nalo lina tiba. Bana uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, uangalie nafasi iliyobaki kwenye freti ya saba. Ikitosha kupitisha kadi nyembamba, ni sawa. Ikizidi hapo, chuma kilicho ndani ya shingo kinakazwa kwa ufunguo wake, robo mzunguko kwa wakati. Kama shingo haina chuma hicho, na magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana, usithubutu kufunga nyuzi za chuma. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Nimepokea magitaa ya nailoni yaliyong'oka daraja pamoja na kipande cha uso kwa sababu hiyo tu.

Kwenye daraja, jaribu kupenyeza kona ya karatasi kwa nyuma. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Uvimbe mdogo wa uso nyuma ya daraja ni wa kawaida.

Magitaa mengi ya bei hii hutoka kiwandani yakiwa na mifereji ya kizingiti, pale kichwa kinapokutana na shingo, isiyochongwa vya kutosha. Bana uzi kwenye freti ya tatu utazame juu ya ile ya kwanza: nafasi iwe nyembamba kama karatasi. Ikiwa kubwa, kodi (chord) ya F itakutesa, na nyuzi zitapanda sauti kila unapobana freti za mwanzo. Kwa anayepiga omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, au mtindo wa vidole viwili wa Katanga, gitaa zima liko hapo kwenye freti za mwanzo, kwa hiyo tenga kabisa pesa ya fundi unapopanga bajeti. Kwenye freti ya 12, milimita 2.5 chini ya uzi wa sita na 2 chini ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, zinampa mkono raha.

Mbao nzima ina gharama yake pwani. Mombasa au Dar, unyevu huvimbisha uso na nyuzi hupanda. Ukihamia Dodoma mbao hukauka, na ncha za freti huanza kukwaruza kiganja. Lihifadhi ndani ya kasha, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, maana hewa ya bahari huzila haraka, na usiliache kamwe ndani ya gari juani, kwa sababu joto hilo hulegeza gundi ya daraja.

Mwenye mkono mdogo aulizie Yamaha FS800. Uso wake ni sprusi ile ile, ila sanduku ni dogo zaidi na urefu wa uzi ni milimita 634 badala ya 650, hivyo freti zimekaribiana. Besi hupungua kidogo. Kwa mtoto wa miaka 12 ningechagua hilo bila kusita.