Je, Wajua? Kwa Nini Kaunti Moja ya Marekani Ina Serikali za Mitaa 130

Barabara ya Brownsville hupanda kilima upande wa kusini wa jiji la Pittsburgh, jimboni Pennsylvania. Unatembea uko Pittsburgh, mara umeingia mji mwingine uitwao Mount Oliver, wenye meya wake, madiwani wake na polisi wake. Endelea na safari dakika chache tu, umerudi tena Pittsburgh. Mount Oliver imezungukwa na jiji hilo pande zote kama kiini cha yai. Eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba, na wakazi wake wamezidi 3,000 kidogo tu.

Mji huo ni mmoja kati ya 130 iliyomo ndani ya Kaunti ya Allegheny. Msomaji wa Kenya akisikia neno kaunti atafikiria gavana na bunge la kaunti, na nchi yake nzima ina kaunti 47 tu. Marekani zipo zaidi ya 3,000, na Allegheny peke yake, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,930 na watu 1,250,578 katika sensa ya 2020, imekatwa vipande 130, kila kipande na serikali yake. Kipo kiitwacho Haysville chenye watu wasiofika 100. Kipo Pennsbury Village, ambacho ni mkusanyiko wa nyumba za ghorofa uliojitenga mwaka 1977 na kuwa mji kamili. Juu ya hapo ziko wilaya za shule 43, nazo hutoza kodi yake kivyake.

Ilikuwaje?

Tuanze na ardhi yenyewe. Mto Allegheny hushuka kutoka kaskazini, Monongahela huja kutoka kusini, na pale katikati ya Pittsburgh hukutana na kuzaa mto Ohio. Katikati ya mito hiyo nchi yote ni vilima vilivyochongoka na mabonde membamba. Ndani ya vilima kulikuwa na makaa ya mawe, tena karibu kabisa na uso wa ardhi. Kilima kinachotazamana na jiji, ambacho leo kinaitwa Mount Washington, zamani watu walikiita Kilima cha Makaa. Tambarare zilikuwa chache, na zote ziko kandokando ya mto, palepale ambapo reli na matishari yangefika. Kiwanda kikajengwa tambarare, watu wakapanda mlimani. Mpaka leo Pittsburgh ina ngazi za umma zaidi ya 700, na baadhi yake kwenye ramani zimeandikwa kuwa ni barabara. Mwaka 1870 walijenga reli ya kamba ya kuwapandisha watu kilimani, na bado inabeba abiria.

Basi kila bonde likawa na kiwanda chake, kanisa lake na duka lake. Ukitaka kwenda bonde la jirani, unazunguka kilima kizima. Watu wa namna hiyo hujiona mji mbali na mwenzake hata kama wanasikia king'ora kimoja.

Lakini vilima pekee havitoshi kueleza, maana vilima viko kwingi duniani. Sheria ya Pennsylvania ndiyo iliyofungua mlango. Tangu 1834 wakazi wa eneo waliweza kupeleka ombi mahakamani katika kaunti yao, na mahakama ikiridhika, mji mdogo mpya unazaliwa. Isitoshe, katika jimbo hili hakuna ardhi isiyo na mwenyewe kiserikali. Kila shamba na kila mteremko uko ndani ya jiji, mji mdogo au taunishipu (aina nyingine ya serikali ya mtaa) fulani. Ukijitenga na mmoja, umeshakuwa mwingine.

Sasa nani alitaka kujitenga, na kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na kwa maoni yangu jibu liko kwenye kodi ya majengo ya kiwanda.

Chukua Homestead, kilomita chache juu ya mto Monongahela. Andrew Carnegie alikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma cha pua pale. Mwaka 1901 Munhall ikasimama kama mji mdogo wa peke yake upande wa mashariki, na West Homestead upande wa magharibi. Ramani ilipokamilika, sehemu kubwa ya kiwanda ilikuwa ndani ya Munhall. Wafanyakazi, hasa wahamiaji maskini kutoka Ulaya ya Mashariki, walikuwa wamebanana Homestead, katika vichochoro vilivyo karibu na uzio wa kiwanda, familia kadhaa zikichota maji kwenye bomba moja la uani. Kwa hiyo mji wenye kiwanda ulikuwa na mali nyingi ya kutoza na shida chache. Mji wenye watoto, vyoo na magonjwa ulibaki kutoza vibanda. Moshi haukujua mpaka.

Serikali ndogo ilikuwa na faida nyingine pia: aliyeishika alishika polisi. Homestead ilionyesha hivyo mapema. Mwaka 1892, kampuni ya Carnegie chini ya Henry Clay Frick ilipokataa kuafikiana na chama cha wafanyakazi na kufunga milango ya kiwanda, mkuu wa mji, John McLuckie, alikuwa mwenyewe mfanyakazi wa kiwanda hicho. Serikali ya mji ikasimama upande wa wafanyakazi. Frick akaagiza walinzi wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton wapatao 300. Waliletwa usiku kwa matishari mawili, na alfajiri ya Julai 6 wakakuta ukingo wa mto umejaa wanaume, wanawake na watoto. Risasi zililia karibu siku nzima. Walikufa watu wa pande zote mbili, walinzi wakasalimu amri. Siku chache baadaye gavana wa jimbo alileta wanajeshi maelfu, na chama kikavunjwa.

Mji wa pili ni Duquesne, juu zaidi kidogo kwenye mto huohuo. Katika mgomo mkubwa wa 1919 meya wake alikuwa James Crawford, ambaye ndugu yake aliongoza kampuni ya mabati katika mji jirani wa McKeesport. Inasimuliwa kwamba alisema hata Yesu Kristo mwenyewe hangeruhusiwa kuhutubia mkutano wa chama cha wafanyakazi Duquesne. Kiti kilekile, mwaka 1937, kilichukuliwa kwa kura na Elmer Maloy, mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa chuma. Ukifikiri watu hawa waling'ang'ania vijiserikali vyao kwa ujinga, soma tena majina hayo mawili. Kwao ukumbi wa mji ulikuwa ndio mahali pa kuamuliwa kama mtu anaweza kukutana na wenzake bila kupigwa rungu.

Jiji kubwa nalo lilijaribu kuwameza. Ng'ambo ya mto Allegheny kulikuwa na Allegheny City, mji wa watu wapatao 130,000. Mwaka 1906 ilipigwa kura ya kuunganisha miji miwili, na sheria ikasema kura zote zihesabiwe kwenye kapu moja. Watu wa Allegheny City walikataa kwa wingi, lakini Pittsburgh ilikuwa na watu wengi zaidi, ikashinda. Walikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1907, kwa hoja kwamba miji ni viumbe vya jimbo, na jimbo linaweza kuiunda au kuifuta. Leo mahali hapo panaitwa Upande wa Kaskazini tu. Miji mingine ilijifunza kitu. Mwaka 1929 uliletwa mpango wa serikali moja ya kaunti nzima, ila safari hii masharti yalidai theluthi mbili ya kura ndani ya zaidi ya nusu ya miji. Wapiga kura wengi wa kaunti walisema ndiyo, na mpango bado ukaanguka.

Ni nani hasa walioishi humo? Kwanza Waskoti wa Ireland, Waingereza na Wajerumani. Kisha wakaja Waslovaki, Wapoland, Wakroatia, Wahungaria na Waitalia, na Wamarekani weusi waliokimbia ukandamizaji wa kusini na kukaa mitaa kama Hill District. Kazi ilikuwa zamu ya saa 12, na kila baada ya wiki mbili, zamu za usiku na mchana zilipobadilishana, kulikuwa na zamu ndefu ya saa 24 mfululizo. Hali hiyo ilidumu hadi 1923. Huwa nawafikiria wake zao, waliopika chakula cha nyakati mbili tofauti, cha mume anayetoka na cha mpangaji anayeingia kulala kitanda kilekile. Mwaka 1941, vita vilipohitaji chuma zaidi, vile vichochoro vya Homestead ya chini vilibomolewa ili kiwanda kipanuliwe, na watu kama 8,000 wakahamishwa.

Wahamiaji bado wanakuja, na wapo wanaotuhusu. Tangu miaka ya 2000 Pittsburgh imepokea Wabantu wa Somalia, waliotoka kambi za wakimbizi za Kenya. Katika jamii hiyo wapo ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ya Wazigua, Tanzania ya leo, na Kizigua hakijafa vinywani mwao.

Kisha viwanda vikafa. Kiwanda cha Duquesne kilifungwa 1984, cha Homestead 1986. Mahali pake Homestead pana maduka na sinema, na mabomba 12 ya moshi yaliyoachwa yamesimama kama kumbukumbu. McKeesport, iliyokuwa na watu zaidi ya 55,000 mwaka 1940, ilihesabiwa na watu 17,727 mwaka 2020. Braddock ilishuka kutoka zaidi ya 20,000 hadi 1,721, ingawa kiwanda chake cha Edgar Thomson, kilichoanza kazi 1875, bado kinayeyusha chuma kwenye mipaka yake na ya North Braddock.

Mipaka iliyochorwa kwa ajili ya kodi ya kiwanda sasa ilizunguka majengo matupu. Mwaka 1985 Clairton, mji wenye kiwanda kikubwa kuliko vyote Amerika Kaskazini cha makaa ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa ili kuyeyushia chuma), uliishiwa fedha, ukawaachisha kazi polisi wake wote na wazimamoto wake, na taa za barabarani zikazimwa. Miaka miwili baadaye jimbo lilitunga sheria ya kuisimamia miji iliyofilisika, na Clairton na Braddock zikawa miongoni mwa za kwanza kuwekwa chini yake. Mji unaopakana nao, wenye nyumba nzuri na maduka, haukulazimika kutoa hata senti.

Kaunti yenyewe, iliyoundwa 1788, kwa miaka mingi iliongozwa na makamishna watatu. Mwaka 1998 wapiga kura walipitisha katiba mpya ya kaunti kwa tofauti ya mamia ya kura tu, na tangu 2000 kuna mkuu mmoja wa kaunti na baraza la watu 15. Sara Innamorato, aliyeapishwa Januari 2024, ni mwanamke wa kwanza kukishika kiti hicho. Hana mamlaka ya kuifuta miji hiyo 130, ila polepole mambo mengine yameunganishwa bila kugusa mipaka. Majitaka ya miji 83 hutiririka kwenye mtambo mmoja kando ya mto Ohio. Tangu 1994 bidhaa nyingi zinaponunuliwa hutozwa asilimia moja ya ziada: nusu inakwenda kwenye maktaba, bustani na viwanja vya michezo, robo kwa kaunti, robo kwa miji.

Mwajiri mkubwa sasa ni mtandao wa hospitali wa UPMC, na herufi zake ziko juu ya jengo refu kuliko yote jijini, lililojengwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Kwa kuwa imesajiliwa kama taasisi isiyo ya faida, sehemu kubwa ya majengo yake haitozwi kodi. Mwaka 2013 jiji la Pittsburgh liliifungulia kesi kuhusu jambo hilo, na mwaka uliofuata likaiondoa mahakamani.